Mpini na Makali

Msomaji, twaa kisu kilicho karibu nawe, ukiweke juu ya meza, kisha ukiokote tena. Mkono wako umekwenda wapi? Umekwenda kwenye mpini bila ya kuuliza. Hata mtoto mdogo, akisha kukatwa mara moja, hashiki tena makali. Lakini ukivifungua vitabu vya historia utaona ya kuwa waandishi wengi wamefanya kinyume cha mkono wako: wameyashika makali, wameuacha mpini. Twasoma habari za zama za mawe na zama za chuma, habari za mikuki na panga, habari za bunduki na mizinga. Ni nadra kusoma habari ya kile kipande cha mti ambacho, kama kisingalikuwapo, hapana hata kimoja katika vitu hivyo kingalifaa kazi.

Sababu yake si ngumu kuiona. Mti huoza. Jembe lililofukiwa miaka 1,000 iliyopita huweza kuacha kutu yake udongoni, na shoka la jiwe hukaa vile vile lilivyokuwa; lakini mpini huliwa na mchwa upesi. Basi mtu aingiaye katika nyumba ya makumbusho huonyeshwa vichwa vya mikuki na vipande vya chuma vilivyopangwa katika sanduku la kioo, kana kwamba watu wa kale walivishika hivyo hivyo kwa viganja vitupu. Hata hivyo, mpini umeacha alama mahali pengine ambapo mchwa hawafiki, yaani katika maneno tunayosema kila siku. Nataka tuyafuate maneno hayo pamoja, ili tupate kulijibu swali moja. Watu hutumia usemi huu: fulani ameshika mpini, nami nimeshika makali. Maana yake ni kwamba yule ndiye mwenye uwezo wa kuamua, na huyu akivuta atajikata mwenyewe. Je, katika historia ya nchi zetu, ni nani aliyeshika mpini?

Kwanza tuyatazame maneno yenyewe. Kiswahili hakina jina moja tu la mahali pa kushikia. Mpini ni mti uliotiwa chuma: mpini wa jembe, wa shoka, wa tezo, wa kisu, wa upanga. Ule ulimi mwembamba wa chuma uingiao ndani ya mpini huitwa msuka. Pete ya chuma au ya shaba inayozungushwa pale msuka unapoingilia, ili mti usipasuke, huitwa noleo. Fundi wa zamani aliupasha msuka moto mpaka ukawa mwekundu, kisha akaushindilia katika mti, nao ukajichomea tundu lake wenyewe, lenye kuutosha sawasawa. Mpini wa jembe la kienyeji ulichongwa ukiwa na kichwa kinene upande mmoja, na msuka ukapenya katika kichwa hicho. Mpini mdogo huitwa kipini; na kwa kufananisha, neno hilo hilo limekuwa jina la pambo dogo ambalo wanawake hulivaa puani.

Mkuki nao una neno lake, uti, ambalo latukumbusha uti wa mgongo. Mti mrefu na mwembamba ulionyoka hauitwi kwa jina la mti mfupi wa kushikia. Ndoo ina utambo, kile kipande cha chuma kilichopindwa ambacho huning'inia huku na huku. Birika lina mkono, na kikombe kina kishikio. Na bunduki ina kitako, yaani mahali pa kukalia, kwa kuwa chuma chote cha bunduki hukalia mti ule, na mti ule hukalia bega la mpigaji.

Utaona, msomaji, ya kuwa tofauti za maneno haya hazikuwekwa ovyo. Kila neno latwambia jinsi mkono wa mtu unavyokutana na chombo chake: kwa kukaza kiganja, kwa kuning'iniza, kwa kuegemeza begani. Wazee waliochagua maneno hayo walikuwa watu wa kazi. Hao ndio waliosema pia kwamba shoka lisilo mpini halichanji kuni. Hawakusema lisilo makali. Makali yaweza kunolewa tena jioni ile ile, bali shoka lisilo mpini ni kipande cha chuma tu, hata likiwa kali namna gani.

Sasa na tuulize umri wa neno mpini. Kiswahili kimepokea maneno mengi kutoka Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno na Kiingereza, na baadhi ya wanafunzi hudhani kwamba kila neno la ufundi lilikuja kwa jahazi. Neno hili halikuja kwa jahazi. Mganda huita mpini wa jembe omuyini. Mnyarwanda na Mrundi husema umuhini. Mbemba wa Zambia husema umupini. Mchewa wa Malawi husema mpini, sawasawa na sisi. Mshona wa Zimbabwe husema mupinyi, na Mzulu wa Afrika Kusini husema umphini. Kutoka Kampala mpaka Durban ni maelfu ya kilomita, na watu wa huko hawakukutana sokoni wakapatana jina. Wamelirithi, kama vile ndugu waliotawanyika wanavyorithi sura ya babu mmoja.

Huenda ukasema kwamba omuyini na mpini havifanani sana. Lakini tazama jinsi sauti zinavyobadilika kwa taratibu. Sisi twasema kupita. Mganda husema kuyita. Sisi twasema kupa. Mnyarwanda husema guha. Sauti yetu ya p, ikifuatwa na i, mara nyingi ni y kwa Mganda. Na kwa Mnyarwanda ni h. Basi mpini kuwa omuyini huko Uganda na umuhini huko Rwanda si bahati tu. Ni kanuni ile ile ikifanya kazi yake. Kwa njia hii wataalamu wa lugha hulihesabu neno hili miongoni mwa maneno ya kale sana ya lugha za Kibantu.

Wataalamu hao wanasema ya kuwa wazee wa lugha hizi walianza kuenea kutoka mpaka wa Nigeria na Kameruni yapata miaka 4,000 au 5,000 iliyopita. Wakati huo hawakuwa wakiyeyusha chuma. Walitumia mashoka ya mawe yaliyosuguliwa. Katika nchi za maziwa makuu, dalili za wahunzi huonekana kuanzia yapata miaka 2,500 iliyopita, pamoja na vyungu vya namna ya Urewe, ambavyo vimepata jina lao mahali palipo Siaya, katika nchi yetu ya Kenya. Kwa hiyo yamkini mpini ni mkubwa kuliko jembe la chuma. Mikono ya wazee wetu ilikuwa imeuzoea mti wa kushikia kabla chuma hakijajulikana, na chuma kilipokuja kilikuta nyumba imekwisha jengwa, kikaingia.

Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo maneno yetu yanatufundisha. Makali yamebadilika mara nyingi, kutoka jiwe hata chuma, na kutoka chuma cha mhunzi wa kijijini hata chuma cha kiwanda. Jina la mpini limekaa.

Jambo la pili ni habari ya biashara, na kwa ajili yake inatupasa kushuka pwani. Yapata katikati ya karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanyi biashara mmoja wa Misri aliyeandika Kiyunani alitunga kitabu kidogo cha kuwaongoza mabaharia, ambacho kwa Kiswahili twaweza kukiita Safari ya Bahari ya Erithrea. Humo ameeleza pwani yetu, aliyoiita Azania, na mji wa biashara ulioitwa Rhapta. Anasema ya kuwa wafanyi biashara walileta huko mikuki iliyofanyizwa Muza, bandari ya Yemen, makusudi kwa soko hili. Tena vishoka, visu, misharasi na vioo vya namna namna. Na walichukua nini? Walichukua pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa.

Zingatia orodha hiyo, msomaji, kwa kuwa tutairudia. Makali yaliingia, na pembe zikatoka.

Lakini usidhani kwamba watu wa pwani walikaa siku zote wakingoja chuma cha wageni. Katika karne ya kumi na mbili mtaalamu wa Kiarabu, al-Idrisi, alimaliza mwaka 1154 kitabu chake cha jiografia kwa Mfalme Roger wa Sicily, na humo aliandika ya kuwa watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma, na kwamba chuma ndicho kilichowaletea faida yao kubwa. Tena wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma huko Galu, kusini ya Mombasa. Basi katika zama hizo pwani yetu haikuwa mnunuzi wa makali tu. Ilikuwa muuzaji pia. Mkono mmoja ulishika mpini, na mkono ule ule uliyafua makali. Nadhani hali hiyo ndiyo itupasayo kuikumbuka tunapoambiwa kwamba Afrika ilikuwa ikipokea tu.

Baadaye zikaja silaha za moto, na hapa maneno yana mengi ya kutwambia. Bunduki ni neno lililotoka Kiarabu. Risasi ni Kiarabu pia. Maana yake ya kwanza ni ile madini nzito inayoyeyuka upesi. Baruti nayo ilitoka ng'ambo. Hata jambia, kisu kilichopinda cha watu wa Uarabuni, kimepata jina lake katika neno la Kiarabu lenye maana ya ubavu. Lakini watu walipohitaji kutaja sehemu za vitu hivyo vigeni, walitafuta maneno nyumbani. Bomba kubwa la kutupia makombora waliliita mzinga, kwa kuwa lilifanana na gogo lililotobolewa kwa ajili ya nyuki. Na mti wa bunduki wakauita kitako. Chuma kiliitwa kwa jina la mgeni, na mahali pa mkono pakaitwa kwa jina la mwenyeji.

Mtu aweza kusema, "Basi mwenyeji alishika mpini." Ngoja kwanza. Katika karne ya kumi na tisa bunduki ziliingia Afrika ya Mashariki kwa wingi wa ajabu. Mwaka 1888 mjumbe wa Uingereza aliyekuwa Unguja alikadiria ya kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia kila mwaka. Nyingi zilikuwa za namna ya kale, zilizokwisha kuachwa na majeshi ya Ulaya. Zilikwenda bara pamoja na misafara ya pembe na ya watumwa, zikanunuliwa na wakubwa waliotaka kujilinda na wengine waliotaka kuwashambulia jirani zao. Mwenye bunduki alijiona ana nguvu. Lakini baruti na risasi zilitoka kwa yule yule aliyemwuzia bunduki, naye alizitoa kwa bei aitakayo: pembe, au watu. Siku baruti ilipokwisha, bunduki ilirudi kuwa rungu. Kwa hiyo kiganja cha mtu huyo kilikuwa juu ya kitako, lakini mpini wa biashara nzima ulikuwa katika kiganja kingine, mbali na hapo.

Tena iko hadithi moja inayosimuliwa katika nchi nyingi, nayo imo pia katika hadithi za Aesop wa Uyunani. Shoka liliingia msituni, na miti ikaanza kuanguka. Ndipo ilipogundua kwamba mpini wa shoka ulikuwa mti kama yenyewe, na kwamba miti yenyewe ndiyo iliyoutoa. Mwaka 1902 Waingereza waliviunganisha vikosi vyao vya Afrika ya Mashariki na ya Kati kuwa jeshi moja, King's African Rifles. Askari wake walikuwa Waafrika, na maofisa waliotoa amri walikuwa Waingereza. Askari hao walikuwa watu hodari, na wengi wao walikufa katika vita viwili vikuu ambavyo hawakuvianzisha wao; sitaki uwadharau. Nataka uone tofauti tu kati ya kushika silaha na kuamua itumiwe kwa kazi gani. Mpini wa shoka nao uko karibu sana na makali, lakini haujui mti gani utakatwa kesho.

Hali hiyo haikudumu. Tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari katika Kenya, na watu walioingia msituni kupigania ardhi na uhuru walikuwa na bunduki chache sana. Wengi walikuwa na panga na sime. Basi mafundi wao walijitengenezea bunduki. Mtutu ulikuwa kipande cha bomba la maji. Chuma cha kufyatulia kilikuwa komeo la mlango, likivutwa kwa ukanda wa mpira. Na kitako kilichongwa kwa mti wa msituni. Silaha hizo zilikuwa za hatari kwa mpigaji kama zilivyokuwa kwa mpigwa. Sizitaji ili tuvipende vita, maana katika miaka ile waliuawa watu wengi wa kila upande, na wengi wao hawakuwa na silaha yoyote. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha watu waliokataa kushika kitako cha bunduki iliyoamriwa na mwingine, wakaanza upya kwa kile walichokuwa nacho: mti, na mkono ujuao kuuchonga.

Sasa turudi kwenye ile orodha ya karne ya kwanza, kwa kuwa mwisho wake umefika mpaka siku zetu. Nilikwambia ya kuwa kifaru alitajwa humo. Katika Yemen mwanamume mwenye heshima huvaa jambia mbele ya tumbo, katika mshipi wake. Mgeni atautazama ubapa, ajue kama ni mkali. Myemeni hutazama mpini. Mpini ndio unaoonyesha ukoo na cheo cha mwenyewe, na mpini uliotukuzwa kuliko yote ni ule uliochongwa kwa pembe ya kifaru, kwa sababu kadiri unavyoshikwa miaka mingi ndivyo unavyozidi kung'aa na kupata rangi nzuri ya manjano. Jambia la namna hiyo hurithiwa na mtoto kutoka kwa baba yake.

Zamani ni watu wachache tu walioweza kulinunua. Lakini katika miaka ya 1970 mafuta ya petroli yalileta utajiri mkubwa Uarabuni, na vijana wengi wa Yemen walikwenda Saudia kufanya kazi, wakarudi na fedha. Kila mmoja alitaka mpini ambao babu yake hakuweza kuupata. Pembe zikatakiwa kwa wingi, nazo zilitoka Afrika ya Mashariki, kama zilivyotoka tangu zamani za Rhapta. Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi na kuichunguza biashara hiyo kwa miaka mingi, ndiye aliyeutangazia ulimwengu ni pembe ngapi zilikuwa zikiishia mikononi mwa wachongaji wa Sanaa, mji mkuu wa Yemen. Pembe nyingine zilipelekwa nchi za Mashariki ya mbali kufanyizwa dawa, basi si haki kumbebesha Myemeni lawama yote.

Hesabu zake ni za kusikitisha. Mwaka 1970 Kenya ilikadiriwa kuwa na vifaru weusi wapatao 20,000. Ilipofika mwisho wa miaka ya 1980, walikuwa wamebaki chini ya 400. Katika muda ambao mtoto huzaliwa na kumaliza shule, karibu wote walikuwa wametoweka, na sehemu kubwa ya pembe zao ilikuwa imefanywa mipini ya visu. Serikali ya Yemen ya Kaskazini ilikataza kuingiza pembe za kifaru mwaka 1982, ingawa nyingine ziliendelea kupita kwa siri. Wachongaji wakajifunza kutumia pembe za nyati wa maji na vitu vingine. Hapa kwetu vifaru wakawekwa katika hifadhi zenye ua na walinzi, na kwa taabu na gharama nyingi wameongezeka tena. Hesabu za miaka ya karibuni zimepita 900.

Unaona basi, msomaji, jambo la ajabu katika biashara hii ya kale. Tulipewa makali, tukatoa kitu kilichokuja kuwa mpini wa mwingine, na karibu tukose mnyama na thamani yake pia. Yule mpini uliong'aa kiunoni mwa mtu wa mbali ulikuwa uhai wa nchi yetu. Mtu asiyejua thamani ya mpini wake mwenyewe huuza msitu mzima, akadhani amepata faida kwa kuwa amerudi nyumbani na kisu kipya.

Nimesema ya kuwa makali hubadilika na jina la mpini hukaa. Lakini si kila neno lina nguvu ya kukaa. Majembe ya kiwandani yalipoanza kuja kutoka Uingereza, mengi hayakuwa na msuka. Yalikuja na tundu, na mpini ukapitishwa ndani yake na kukazwa kwa kabari. Jembe hilo lilikuwa rahisi kutiwa mpini, na wakulima wakalipokea kwa furaha, siwalaumu. Ila mhunzi alipoacha kazi, maneno yake yakaanza kuondoka pamoja naye. Waulize wenzako darasani leo maana ya msuka na noleo. Huenda wakacheka, au wakadhani msuka ni mtu asukaye mikeka. Maneno hayo hayakufa kwa kukatazwa na mtu. Yalikufa kwa sababu hapakuwa tena na mkono uliyahitaji.

Kwa hiyo nakupa kazi, nayo ni kazi ya historia ya kweli, ingawa haina mtihani. Utakapokwenda nyumbani wakati wa likizo, mwulize nyanya yako au babu yako, kwa lugha ya kwenu, mpini wa jembe huitwaje. Kisha uulize msuka huitwaje, na uti wa mkuki, na utambo wa chungu. Kama watu wenu ni Wamasai, uliza juu ya ule mkuki mrefu wenye chuma mbele na chuma nyuma, na mti mfupi katikati, mahali pa mkono tu; uliza mahali hapo pana jina gani. Andika kila neno katika daftari lako, pamoja na jina la aliyekwambia na la mahali alipozaliwa. Kama kwenu ni watu wa Kibantu, lilinganishe neno lako na mpini, umuhini na omuyini, uone sauti zimegeukaje. Kama kwenu ni Waluo, Wakalenjin, Waturkana au Wasomali, utapata neno la ukoo mwingine kabisa, nalo lina safari yake ndefu vile vile, labda haijaandikwa na mtu yeyote. Fanya haraka, kwa maana wazee hawa hawatukai milele.

Wanyarwanda wana methali isemayo kwamba mpini mpya huleta malengelenge. Kazi ya kuuliza na kuandika ni mpini mpya kwako. Siku za kwanza utaona haya, na mzee atakuuliza wakufundisha nini huko shuleni hata uje kuuliza habari za jembe. Vumilia. Kiganja huzoea.

Na siku utakapoitazama nembo ya taifa letu, tuliyoipata mwaka 1963, itazame vizuri. Simba wawili wamesimama wameshika mikuki kwa uti wake. Katikati, juu ya ngao, yuko jogoo anayekwenda mbele, naye amechukua shoka kwa ukucha wake. Wengi hulitazama shoka, wakasema ni dalili ya kazi, na ni kweli. Lakini wewe uliyeisoma insha hii, tazama mahali alipolishikia. Jogoo yule hakushika makali.